Sentensi Yangu Ndani ya Pembe Ndogo

Habari ya kifo cha Petro ilinikuta nikisikiliza hadithi ya Pembe Ndogo kwenye simu ya jirani. Mama Rehema alikuwa kibarazani kwake akimenya karanga, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, na sauti ya kijana fulani wa Dar es Salaam ilikuwa ikisoma kwa vishindo jinsi waziri alivyofungua kitabu cha Danieli ofisini kwake, akagundua kwamba atakayekinywea kikombe cha Belshaza ndiye atakayetawala mataifa kumi. "Njoo usikie, shoga," aliniita. "Mambo haya yametokea hapa hapa kwetu." Nikamwambia hayakutokea. "Wewe nawe! Hata unabii unaubishia?" Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa Skola wa Kwihara, ambaye hatukuwa tumezungumza naye kwa miaka mingi. Mimi ni mkubwa kwake, lakini hakunipa shikamoo. Alisema, "Petro amefariki Chunya, wamemzika huko huko. Jumamosi tunaweka jiwe. Nakuambia kwa sababu ulikaa kwetu." Akakata. Kwenye simu ya Mama Rehema yule kijana alikuwa amefika sehemu ya nne, na nilijua kinachofuata neno kwa neno, kwa sababu sentensi inayofuata niliiandika mimi. Niliinuka nikaondoka kabla hajaisoma.

Sitaeleza nilikotoka wala wazazi wangu walikuwa nani, maana hawahusiki. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule ambao watu walianza kuzungumzia vyama vingi kwa sauti. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nina darasa la saba na cheti cha kupiga taipu, na Mwalimu Yeremia alinipa kazi. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye chumba kimoja mjini Tabora, nyuma ya duka la vitambaa, si mbali na stesheni. Ndani kulikuwa na meza mbili, mashine ya taipu iliyokuwa inaruka herufi ya k, mashine ya kudurufu iliyokuwa inachafua kila mtu, na harufu ya wino ambayo ilinifuata hadi kwenye chakula. Ukutani alibandika ramani ya njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, na juu yake alichora kwa wino mwekundu yule mnyama wa Danieli mwenye pembe kumi, kichwa kiko Bagamoyo na mkia umeingia ziwani. Hadithi yake ilikuwa kwamba vyombo vya hekalu la Yerusalemu, vile ambavyo Belshaza alinywea mvinyo mkono ukatokea na kuandika ukutani, viliibiwa vikapita Uhabeshi, vikaangukia kwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, vikabebwa na wapagazi hadi Unyanyembe, Mjerumani akavikuta akavificha tena alipokuwa anakimbia vita. Sasa waziri mmoja mwenye tamaa anavitafuta ili awe ile pembe ndogo iliyoota katikati ya zile kumi. Anayemzuia ni katekista mmoja mwenye baiskeli. Mwalimu alitoa sehemu moja kila baada ya wiki chache, karatasi zimebanwa kwa pini, na zilikuwa zinaisha stesheni kabla treni haijaondoka.

Nitasema kweli kwamba ilikuwa tamu. Leo ninaichukia hadithi ile kama mtu anavyomchukia aliyemwibia, lakini nilipokuwa naipiga taipu nilikuwa nasahau kula. Mwalimu alikuwa anatunga huku anatembea, Biblia mkono mmoja na gazeti mkono mwingine, anachukua mstari huku na habari kule, na vinaposhikana anapiga makofi kama shangazi aliyeona harusi. Dirisha letu lilikuwa wazi kwenye uchochoro, na wafanyakazi wa reli walikuwa wanasimama pale kusubiri sehemu mpya huku wakibishana. "Yule waziri namjua, ni wa kule kwetu," mmoja anasema. "Huyo wa kwenu hata Danieli hajamsoma, atafutaje kikombe?" mwenzake anamjibu, wanacheka. Halafu wanashusha sauti, na hapo ndipo ulipokuwa unajua kwamba wanaamini. Mwalimu alikuwa ananikonyeza. Alikuwa anakula wali na maharage akiwa amesimama, kijiko kimoja kila baada ya sentensi, na hakuwahi hata siku moja kuniambia karibu. Nilimsamehe hilo wakati ule. Sasa silisamehe.

Nilipanga chumba Kwihara, kwa Mama Yuditha, mjane Mmoravian aliyeitwa Mayu na kila aliyelala chini ya paa lake, yaani mama kwa Kinyamwezi. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa bluu, wa pekee kijiji kizima. Asubuhi nilikuwa naondoka na baiskeli, naipita makumbusho, yaani lile boma la zamani la Mzungu, naishika njia ya zamani hadi mjini, na jioni narudi jua likiwa bado lipo. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na mlenda, au uyoga msimu wake ukifika, na asubuhi matobolwa, yaani viazi vitamu vikavu, kwenye chai, kwa sababu Mayu aliamini kwamba mkate unawafanya wasichana wawe na jeuri. Nyumbani walikuwepo Skola, binti yake wa mwisho, na Petro, mtoto wa marehemu kaka yake Mayu, kijana wa makamo yangu aliyekuwa anafanya kazi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku Urambo na kurudi msimu ukiisha, nguo zote zinanuka moshi. "Dada Felista amekuja na wino, mimi nimekuja na tumbaku," alikuwa anasema. "Shangazi, katika nyumba hii harufu ya binadamu ni yako peke yako." Mayu alikuwa anamtupia ganda la karanga.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la mawe lililonifika kifuani. Ukoo ule ulianza kuliweka tangu enzi za wapagazi. Mtu wao akifia mbali na kuzikwa ugenini, hawakuleta udongo wala nguo. Waliokota jiwe, wakalizungusha mkono kwa mkono, na kila aliyelishika alitaja jina la marehemu na kusema neno moja la kweli juu yake. Sifa hazikutakiwa. Ilitakiwa kweli hata kama ni ndogo. Halafu jiwe linawekwa, na halihamishwi. Mayu alikuwa hajui kusoma, lakini alilisoma rundo lile mbele yangu jiwe kwa jiwe: huyu alifia Bagamoyo, alikuwa anakoroma, huyu alifia vitani kwa Mjerumani, alikuwa mchoyo wa asali, huyu ni binti, aliolewa Kigoma, alikuwa akiimba huku akitwanga. La juu kabisa lilikuwa jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu. "Huyu ni Andrea wangu," alisema. Ndiye mwanawe wa kiume aliyekwenda kwenye migodi ya kusini na kuangukiwa na mwamba. "Nilisema, Andrea alikuwa mwoga wa giza. Ndilo neno nililokuwa nalo." Nililishika jiwe lile kwa ruhusa yake. Ndivyo nilivyolijua.

Siku ya sehemu ya nne Mwalimu alikwama. Katekista ameshatoka kwenye boma la Mzungu, waziri yuko nyuma yake na gari la serikali, na lazima aione alama. Mwalimu alizunguka meza mara nyingi. Alisema alama za Mjerumani kila mtu anazijua, mishale kwenye miti, misalaba kwenye miamba, zimechosha. Alitaka kitu ambacho mtu hawezi kukibuni. "Wewe unaishi kwenye njia yenyewe," aliniambia. "Weka kitu hapo. Chochote." Akatoka kwenda kusalimiana na mtu. Nilibaki na stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwenye mashine. Sikufikiri muda mrefu. Niliandika: Ukiligeuzia boma la Mzungu mgongo, fuata njia ya wapagazi hadi nyumba yenye mlango wa bluu, nyuma yake lipo rundo la mawe, na juu ya rundo jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu, na chini ya mshipa ule kimelala kikombe cha Belshaza. Mwalimu aliporudi alisoma akiwa ameinama begani kwangu. Akasema, "Felista, wewe ni mwandishi." Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia neno kama hilo. Niliendesha baiskeli kurudi nyumbani nikiwa nalirudia. Stensili ile ililala mezani Jumamosi na Jumapili kabla ya kudurufiwa, na ufunguo wa chumba nilikuwa nao mimi. Ningeweza kwenda kuichana. Wazo hilo lilinijia mara moja, nikiwa nafua, nikalijibu kwamba ni hadithi tu.

Petro aliinunua sehemu ya nne stesheni alipokuwa anarudi kutoka Urambo na redio mpya begani. Jioni ile alikaa mlangoni akatusomea, Mayu anachambua mlenda, Skola anachochea moto. Alikuwa msomaji mzuri, anaigiza sauti ya waziri kwa kujaza mashavu upepo, na Mayu alikuwa anacheka na kumlaani waziri kwa Kinyamwezi. Alipofika kwenye boma la Mzungu alisimama. Macho yake yalikwenda chini ya ukurasa, yakarudi juu, kisha yakanitazama. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. "Endelea basi, mbona umemeza ulimi?" Mayu alimwambia. Petro akasafisha koo, akasoma: "Katekista akaiona alama, akaanguka kifudifudi." Aliiruka sentensi yangu yote. "Alama gani?" Mayu aliuliza. "Hawajasema, Shangazi. Labda sehemu inayofuata." Mayu akasema waandishi ni waongo wavivu. Petro aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akaniambia kwa upole, "Dada Felista, chai yako inapoa." Hakusema kitu kingine, si siku ile wala baadaye. Alijua, na nilijua kwamba anajua.

Walikuja Jumapili, sisi tukiwa kanisani. Tuliporudi tuliona kwanza baiskeli, nyingi, zimelazwa kwenye shamba la karanga, kisha udongo mwekundu uliotapanywa hadi mlangoni. Wengine walikuwa wametoka Kigwa, wengine mjini, na mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amevaa tai. Karatasi zetu walikuwa wamezishika mkononi kama watu walioshika hati ya kiwanja. Shimo lilikuwa limefika urefu wa mtu na mawe ya ukoo yalikuwa yametupwa pande zote. Mayu hakupiga kelele. Aliwauliza, "Nani amewaambia?" Yule mwenye tai alimjibu kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama. Ni unabii. Hata nyumba imetajwa, mlango wa bluu, na jiwe lenye mshipa mwekundu." Mwingine ndani ya shimo alisema, "Mama, usituzuie, utapata fungu lako." Jiwe la Andrea walikuwa wamelivunja kwa nyundo. Ule mshipa mwekundu waliudhani dhahabu. Mayu alipiga magoti akaokota vipande viwili vikubwa, akajaribu kuviunganisha, vikakataa, akajaribu tena. Wachimbaji walisubiri amalize ili waendelee. Mwenyekiti wa kijiji alipofika na watu wake, wachimbaji walikuwa hawajapata kitu ila kigae cha chungu, na hata hicho walikigombania.

Nimesoma kidogo tu maishani, lakini hadithi za aina ile nazijua. Kila kitu ndani yake ni alama ya kitu kingine. Jiwe haliruhusiwi kuwa jiwe, na nyumba ya mjane haiwezi kuwa nyumba ya mjane. Anayesoma anaambiwa kwamba yeye ndiye mwerevu, kwamba wakubwa wamemficha, kwamba Mungu aliandika kitabu cha Danieli akiwa na jembe lake akilini. Siku hizi zimehamia kwenye simu na zina ngoma nyuma yake, lakini ni zile zile. Watu wanaozitunga wanasema hawajamwambia mtu achimbe. Kweli, hawamwambii.

Jioni ya Jumapili ile Mayu alituita sote uani. Alisema jambo moja analijua: hakuna mtu wa nje aliyewahi kulishika jiwe la Andrea na kuona mshipa wake, kwa sababu mshipa ulikuwa upande wa chini. Alituangalia kwa zamu. Kwangu macho yake hayakukaa. Mimi nilikuwa msichana wa kanisani mwenye vidole vya wino, nilikuwa nalipa chumba na kuosha vyombo bila kuambiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa jiwe lile nikalishika, akasahau. Nafikiri alisahau. Macho yake yalitua kwa Petro, kisha kwenye redio mpya. "Hiyo umeipataje?" Petro alisema ni malipo ya msimu. "Msimu gani huo unaolipa redio? Mwaka jana ulirudi na shati." Skola alisema, "Mayu, Petro hawezi." "Nyamaza wewe. Petro, nimekunywesha uji kwa mkono huu. Umemuuza ndugu yako?" Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Petro. Angeweza kuninyooshea kidole. Alisema tu, "Shangazi, sikuuza kitu," na Mayu akamjibu, "Basi ondoka na hicho usichouza." Alifunga nguo zake kwenye kitambaa. Redio aliiacha juu ya kinu. Alinipita akiwa amenisogelea kiasi cha kunigusa bega, na hakunitazama, na nilimshukuru Mungu kwa kutonitazama. Hiyo ndiyo sala niliyoisali siku ile. Naiandika ilivyokuwa.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Yeremia kila kitu. Nilidhani atashtuka. Nilidhani tutaandika kwenye sehemu ya tano kwamba ile ni hadithi, kwamba rundo lile ni la watu, samahani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta miwani, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Wamechimba?" aliuliza. "Na majembe?" Nikasema ndiyo. "Felista, watu hawachimbii hadithi mbaya." Nilimwambia habari za Mayu na vipande viwili. Alisema ni masikitiko makubwa, kisha akaniagiza nikanunue karatasi mara mbili ya kawaida. Siku ile watu walijaa uchochoroni, na alisimama dirishani akawaambia kwamba hawezi kuthibitisha wala kukanusha. Nilidurufu sehemu ya tano. Nataka hilo lieleweke. Sikuondoka kwa hasira kama ninavyotamani kusimulia. Nilibaki hadi sehemu ya saba, nikala mshahara wake, na alipokufa miaka kadhaa baadaye sikwenda kumzika, kana kwamba kutokwenda ni ushujaa.

Kwihara nilikaa miezi miwili zaidi. Mayu alikuwa anaamka na kwenda kwenye shimo, anaokota mawe moja moja, anayageuza. "Huyu wa Bagamoyo," anasema, kisha anasita. "Au ni yule wa asali." Yalikuwa mawe tu, ya rangi moja, na yeye aliyajua kwa mahali yalipokaa. Aliyarudisha bila majina. Kila jioni nilikuwa narudi nimekusudia kusema, na kila jioni aliniwekea chakula changu kikubwa kuliko cha Skola, eti ninaendesha baiskeli. Nilikula. Nikahama nikisema nimepata kazi mjini, na Mayu akanifungia matobolwa njiani. Alikufa akiamini kwamba ni Petro. Petro naye, mtu aliyesingiziwa kuuza dhahabu isiyokuwapo, alikwenda Chunya akaishia kuchimba iliyokuwapo, na huko ndiko alikobaki.

Jumamosi nilikwenda. Mlango sasa ni wa chuma, umepakwa kijivu. Rundo lipo, fupi kuliko nilivyolikumbuka, na juu yake kuna vipande viwili vyeupe vilivyosogezwa karibu ili vionekane kimoja. Tulikuwa watu kama kumi, wa ukoo wote isipokuwa mimi. Skola, nywele zimeshakuwa nyeupe, mwenyewe aliliokota jiwe la Petro, jeusi, zito kidogo, akaanza. "Petro. Alinifundisha kuendesha baiskeli akanisukumia kwenye mfereji." Watu wakacheka kidogo. Jiwe likazunguka. Mmoja alisema Petro alikuwa hapendi samaki. Mzee mmoja, akiwa ameinamisha kichwa, alisema, "Petro. Alitukosea hapa nyumbani, lakini alikuwa wetu," na wengine wakaitikia kwa kuguna. Jiwe likanifikia mwisho kwa kuwa sikuwa wa nyumba ile.

"Petro," nikasema. "Hakuwaleta wachimbaji. Ile sentensi niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye mashine, kwa sababu nilitaka kusifiwa. Mayu alinipa jiwe la Andrea nikalishika."

Mtu akasema, "Yesu wangu." Yule mzee alinyanyua kichwa. Skola alinitazama kwa namna ambayo Mayu angenitazama jioni ile kama macho yake yangekaa kwangu.

"Hilo ni neno lako," alisema. "Jiwe ni la Petro. Sema la Petro, au nipe jiwe."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na kwa kufukuzwa. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Nilisimama na jiwe mpaka mikono ikachoka.

"Petro," nikasema. "Alijua ni mimi. Aliiruka sentensi ile alipokuwa anasoma, ili Mayu asiisikie. Akafukuzwa akiwa amenyamaza."

Skola alilichukua jiwe mikononi mwangu. Alilifuta kwa ncha ya kitenge chake, pale vidole vyangu vilipokuwa, akafuta tena, halafu akaliweka.